Vifaranga Arobaini na Waya Mweusi

Mlalo, 4 Machi 2024

Mpwa wangu Dorkasi,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini naipokea mapema kwa sababu nakufahamu: hata ukiwa na hasira adabu huikosi. Hiyo uliirithi kwa marehemu mama yako. Kwetu sisi wanaume wa ukoo haikufika.

Huku hatujambo. Mvua zimetangulia, viazi vimeota vizuri, na ukungu unaingia mpaka jikoni bila hodi. Goti la Mama Yohane limepoa. Mwanetu Yohane amehamishiwa sekondari ya hapa karibu, anafundisha hesabu, na anakula kwetu kila siku kama mtu asiye na jiko. Kaburi la mama yako tumelipalilia mwezi uliopita.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatujawahi kuvuka "habari za huko". Barua angalau haikatwi katikati.

Sasa sikiliza aibu yangu. Unakumbuka mnada wa baada ya ibada, pale nje, tunaponadi sadaka za mazao. Mwanzoni mwa Februari lililetwa kapu la mayai na Mzee Danieli akaanza kulinadi. Watu walikuwa baridi. Mimi, mwalimu mstaafu wa fizikia, miaka sitini na sita, nikasimama bila kuitwa na yeyote, nikasema: "Mayai ya nini? Mimi nitaangua kwa umeme. Jumapili ya Mavuno naleta vifaranga arobaini, wagawiwe wajane wa mtaa wetu." Watu wakapiga makofi. Makofi yale ndiyo yaliyonimaliza, maana ningenyamaziwa ningekaa chini. Sasa Mzee Danieli ananitangaza kila Jumapili, na Mavuno ni tarehe ishirini na nane Julai.

Mashine nimeitengeneza. Ni kabati la mbao lenye taa nne, bodi ndogo ya kuamua taa ziwake au zizime, kihisi joto, na kioo kinachoonyesha nyuzi. Inafanya kazi saa tatu, nne, halafu kioo kinaganda kwenye 37.7, taa zinaendelea kuwaka, na joto linapanda mpaka mayai yanaiva. Nikilipiga kabati kofi, linazinduka. Nimekuwa mtu wa kupiga kabati makofi.

Mayai arobaini ya kwanza yaliisha hivyo. Watu waliponiuliza, nikawaambia hayakuwa na mbegu. Mayai yalikuwa ya Bi Mwanamisi, jirani yetu. Alinikopesha imani kwa kuwa mimi ni mwalimu, akamwona jogoo wake hafai, akamchinja. Alituletea paja. Tulilila, Dorkasi, na lilikuwa tamu.

Nisaidie. Wewe ndiye fundi pekee wa ukoo anayeishi kwa kazi hiyo. Ya ile Pasaka ya spika tuyaache.

Mjomba wako,
Sefania


Muheza, 2 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mwamkie sana Mama Yohane. Ahsante kwa kaburi la mama.

Barua yako ilikaa siku kumi na tisa kwa kondakta na siku tisa kwangu. Zile za kondakta sijui alikuwa anafanya nini. Zangu nilikuwa naisoma.

Mimi ni mzima. Kibanda changu kiko ubavuni mwa soko la machungwa, kwa hiyo kila simu ninayoitengeneza inarudi kwa mwenyewe inanukia ganda la chungwa. Wateja wanadhani ni huduma ya ziada. Wiki iliyopita nilitengeneza simu ya mzee mmoja kwa saa mbili nzima, nikabadilisha na spika, kisha akanionyesha kwamba alikuwa ameweka sauti chini. Hivyo usidhani nakucheka peke yako.

Unasema ya Pasaka ya spika tuyaache. Umeyaacha wewe, Mjomba. Mimi nimehama nayo. Tulikitengeneza kipaza sauti cha kanisa wawili, mimi upande wa sauti, wewe upande wa umeme. Kikazimika katikati ya mahubiri, na ibada ilipokwisha ukawaambia wazee pale nje, "Ni mkono wa Dorkasi." Baada ya hapo Mlalo nzima hakuna aliyeniletea hata tochi. Miaka miwili sasa sijapanda milima hiyo ila kwa msiba. Nimeyaandika, basi, twende mbele.

Kuhusu mashine yako sina jibu la kukupa. Nakutumia kifaa. Wenyewe wanakiita lojiki analaiza, mimi nakiita kichunguzi cha ishara. Ni cha bei ya chini kabisa, bei ya kuku mmoja wa kienyeji asiye na majivuno, na mafundi wenzangu wananicheka kwa kukinunua. Kinachomekwa kwenye kompyuta, na kina nyaya nane za rangi. Ukiuegesha waya mmoja mahali penye ishara, kinakuchorea kwenye kioo kila mara umeme ulipopanda na kila mara uliposhuka. Kihisi chako kinazungumza na bodi kwa namna hiyo hiyo, kupanda na kushuka, kwa hiyo utayaona maneno yao. Programu yake ni ya bure, Yohane ataipakua.

Kuna nyaya nyeusi mbili. Hizo ni za upande wa hasi. Funga zote mbili, mmoja kwenye bodi na mwingine kule kule kwenye mguu wa kihisi. Zote mbili, Mjomba.

Mpwa wako,
Dorkasi


Mlalo, 20 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Marahaba, na ahsante. Mama Yohane amepokea machungwa uliyofungia kifaa na anauliza kwa nini hukuleta mwenyewe. Nimemwambia una kazi nyingi. Amenitazama.

Kuhusu yale mengine uliyoandika, nimeyasoma.

Sasa nikusimulie kifaa. Nilipofungua mfuko nilitafuta mashine, nikaona kiboksi cha ukubwa wa kiberiti. Nikatikisa mfuko tena. Nilifundisha fizikia miaka thelathini na mmoja nikiota siku nitakayoletewa chombo cha kuonea umeme, na katika ndoto zangu kilikuwa kinabebwa na watu wawili. Hiki kilikuwa kimejificha chini ya chungwa.

Siku ya kwanza nilikaa mbele ya kompyuta ya Yohane saa mbili, nyaya zote nane zimeegeshwa, mistari minane imenyooka kabisa. Nikamwambia Mama Yohane kwamba kihisi kimekufa, bodi imekufa, na huenda kifaa chako nacho kilikufa njiani. Yohane akarudi kazini, akasimama nyuma yangu kidogo, akasema, "Baba, hujabonyeza Anza." Alibonyeza yeye. Mimi nilikuwa naangalia picha tu.

Siku ya pili nilibonyeza Anza mwenyewe, ikaja fujo. Mistari minane inatetemeka, haina mwanzo wala mwisho. Nikaamua hiyo ndiyo bei ya chini. Nakwambia ukweli, nyaya nyeusi sikuzifunga. Nilisema moyoni, huyu mtoto ananifundisha hasi mimi? Nyaya za rangi ndizo zinazoona, nyeusi zina kazi gani? Siku ya tatu, kwa kukosa la kufanya, nikafunga zote mbili kama ulivyoandika. Dorkasi! Yakaja meno yamepangika, yote ya kimo kimoja, na programu ikaanza kuyasoma na kuandika namba chini yake. Niliona bodi inauliza, kihisi kinajibu. Nilipiga kelele, Mama Yohane akaja na mwiko.

Nikamweleza: juu ni ndiyo, chini ni siyo, na mashine nzima ni ndiyo na siyo tu. Akasema, "Wiki nzima unaangalia ndiyo na siyo? Mimi ningekujibu hapa hapa."

Kina upungufu wake, nisikusifie mno. Kinaona ndiyo na siyo, hakioni ndiyo iliyolegea. Umeme ukiwa dhaifu lakini bado unatosha kuitwa ndiyo, kinaandika ndiyo na kunyamaza. Waya mmoja wa kijani una kibanio kinachoteleza. Zaidi ya hapo sina neno baya.

Na habari kubwa: mashine ilifanya kazi siku nzima bila kuganda. Imepona! Nikavua kifaa nikakirudisha kwenye mfuko. Kesho yake kabla ya chai ikaganda. Sielewi.

Mjomba Sefania


Muheza, 6 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini Mama Yohane na Yohane hawajambo. Huku mvua ni nyingi, kibanda kilivuja na nilikausha simu tisa za watu kwa feni huku nikiwaambia wenyewe ziko kwenye matengenezo maalumu.

Chukua daftari. Andika lini mashine ni nzima na lini ni mgonjwa, na kila mara andika kifaa kilikuwa kimefungwa au kimefunguliwa. Ndivyo ulivyotufundisha darasani: andika kwanza, fikiri baadaye.

Usilipige kabati.

Dorkasi


Mlalo, 27 Mei 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama Yohane anakusalimu. Kabichi zimetushinda wingi, tunakula kabichi, tunapeleka kabichi, tunaletewa kabichi. Mvua zimeanza kupungua.

Nimeandika daftari wiki nzima. Matokeo ni haya: kifaa kikifungwa, mashine ni nzima. Kikifunguliwa, inaumwa. Haikukosea hata siku moja.

Nimekaa nikafikiri kisomi. Wazo la kwanza ni kwamba kifaa chako kina dawa. La pili ni kwamba mashine inaona haya kutazamwa, kama darasa lenye mkaguzi mlangoni. Mkaguzi akiondoka, kelele. Yohane aliniuliza kama nilikuwa nawafundisha watoto wa watu hivi.

Basi nikafanya uamuzi wa mtu mwenye haraka. Nikaona, kama kinaponya, kikae humo humo siku zote ishirini na moja. Nikaomba mayai mengine arobaini. Bi Mwanamisi amepata jogoo mwingine, mwekundu, mwenye kifua, na aliyachagua mayai mwenyewe moja moja. Nikayaweka, nikafunga kifaa, nikakaa siku nane nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote Usambara nzima. Siku ya tisa nilikuwa shambani. Yohane alihitaji kompyuta kwa alama za mitihani. Akachomoa kila kitu vizuri, akazikunja nyaya, akazifunga na uzi. Ni kijana nadhifu. Niliporudi kioo kinasema 37.7 na mayai yanachemka.

Sasa ni themanini. Nilipokwenda kumwambia Bi Mwanamisi, mdomo ulishafunguka kumtaja jogoo mwekundu. Alikuwa amesimama pale uani, ananitazama, hana habari. Nikasema ni umeme. Kila mtu huku anaamini ubaya wowote wa umeme.

Amesema atanipa mayai mara moja tu tena. Jumapili Mzee Danieli ametangaza tena, na safari hii ameongeza kwamba wajane wameanza kujenga vibanda. Dorkasi, wamekata miti. Siwezi kusimama mbele ya watu wale mikono mitupu. Niuzie kifaa, nikifunge humo kwa misumari.

Mjomba Sefania


Muheza, 10 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za leo ni fupi.

Kifaa hakiuzwi. Nakihitaji kibandani, naomba kirudi kabla ya katikati ya Julai.

Kabla hujakifungua, mashine ikiwa nzima, ondoa waya mmoja. Subiri siku. Ondoa mwingine. Andika ni upi ukiondoka mashine inaanguka.

Dorkasi


Mlalo, 1 Julai 2024

Mpwa wangu Dorkasi,

Hatujambo sote, na leo nisikuzungushe kwa habari za kabichi.

Niliondoa nyaya za rangi, mmoja kila siku. Wa kwanza, mzima. Wa pili, mzima. Mpaka wa nane. Mashine inafanya kazi, kifaa hakioni chochote, na bado inapona. Hapo wazo langu la mkaguzi likafa, maana mkaguzi alikuwa amefumba macho. Zikabaki zile nyeusi mbili. Nikaondoa ule wa kwenye kihisi. Hata chai sikuimaliza, kioo kikaganda.

Nikaukata utepe mweusi kwenye waya wa hasi unaotoka kwenye bodi kwenda kwa kihisi. Ndani nikakuta msokoto. Shaba imesokotana na shaba, hakuna risasi ya kuunganishia, na kwa mvuke wa ile mashine yote imegeuka kijani. Hasi ilikuwa inafika inapotaka. Nyaya zako nyeusi mbili zilikuwa zimeungana ndani ya kifaa, zikawa daraja la kuupita msokoto wangu. Kifaa hakikuwa kinaponya. Kilikuwa kinafanya kazi niliyoiacha.

Unajua kwa nini nilisokota. Nilipoanza ualimu, risasi ya kuchomelea haikupatikana. Kipande cha urefu wa kidole kilitakiwa kitengeneze redio za shule mwaka mzima. Tukajifunza kuweka risasi kwenye nyaya za maana, na ile nyeusi, kwa kuwa ni ya kurudisha tu, tunaisokota na kuifunga utepe. Siku hizi nina roli nzima ya risasi kabatini. Mkono haujui. Mkono bado unabania.

Baada ya hapo sikuweza kukaa. Nikamwendea Mzee Danieli, nikaomba ufunguo wa stoo ya kanisa, nikasema nakwenda kufuta vumbi. Kipaza sauti kiko pale pale kilipowekwa baada ya ile Pasaka. Nikakifungua. Upande wako, upande wa sauti, kila kiungo kimechomelewa na kinang'aa mpaka leo. Upande wangu, nikakata utepe wa waya mweusi. Ni msokoto, Dorkasi. Mizunguko mitatu kwenda kulia na kitanzi mwishoni. Ninaufahamu kama ninavyofahamu mwandiko wangu. Kijani tupu.

Nilikaa juu ya ngoma ya bendi ya matarumbeta ya kanisa, mzee mzima, nikalia. Nilikufukuzia Muheza kwa kosa langu. Na siku ile sikuwa nimechunguza chochote. Watu waliniuliza nani, nikaogopa kuwa mimi, na wewe ulikuwa karibu. Nisamehe, mpwa wangu. Sina sababu ya kuongeza.

Mashine nimeichomelea. Imekaa siku sita bila kuganda, bila kifaa. Jumamosi naweka mayai ya mwisho, yaanguliwe usiku wa kuamkia Mavuno kama Mungu akipenda. Kifaa chako kimo ndani ya bahasha hii, na kibanio cha kijani nimekikaza.

Mjomba wako,
Sefania


Muheza, 13 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Kifaa kimefika salama. Barua nimeisoma mara nne. Ahsante kwa kuiandika.

Na mimi niseme langu. Nilijua. Asubuhi ile ya Pasaka, ulipotoka nje kuzungumza na wazee, mimi nilibaki ndani nikakifungua kipaza sauti. Niliuona msokoto. Nilikifunga nikatoka mbio nije nikunong'oneze kwamba ni waya mweusi tu, tutaurekebisha. Nikakuta unamalizia, "ni mkono wa Dorkasi." Wazee wote wananitazama. Ningesema nini? Ningesimama mbele ya Mzee Danieli niseme Mjomba amekosea, aliyenilea tangu mama alipofariki, aliyenishikisha chuma cha kuchomelea nikiwa darasa la tano? Niliinama nikaenda kuchukua begi.

Niliumia, Mjomba. Bado naumia. Nikisikia matarumbeta, kama yale ya Pasaka ile, kwenye harusi ya watu huku Muheza nabadilisha njia.

Barua yako ya Machi ilipofika na nikasoma kwamba kabati likipigwa kofi linazinduka, nilicheka peke yangu, halafu sikucheka. Nilijua ni nini kabla sijageuza karatasi. Lakini kukwambia sikuweza. Wewe ungekasirika, na mimi ningekuwa mtoto asiye na adabu mara ya pili. Ndipo nikatuma kifaa. Chenyewe hakikuamkii, hakiogopi wazee, na ukikikasirikia hakina pa kuhamia. Nilikwambia ufunge nyaya nyeusi zote mbili kwa sababu nilijua mashine itapona, na wewe ni mtu wa kuuliza kwa nini. Imekuchukua miezi mitatu na mayai arobaini mengine. Hayo ya pili nayabeba mimi, maana nilikuwa na jibu nikalificha.

Kuna jambo moja. Lile neno ulilisema nje ya kanisa, mtaa mzima unasikia. Hili umeliandika kwenye karatasi, nalisoma mimi na muuza machungwa wa jirani anayechungulia begani kwangu. Sikuombi kitu. Nimesema tu.

Dorkasi


Mlalo, 29 Julai 2024

Mpwa wangu Dorkasi,

Jana ilikuwa Mavuno. Nakuandikia asubuhi, sauti sina, utaelewa kwa nini.

Vifaranga ni thelathini na vitatu. Saba havikutoka. Safari hii si kioo, kioo kilisema kweli mpaka mwisho. Ni mayai tu, na sitamtaja jogoo wa mtu.

Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada, na maboga, na miwa, na kabichi za kila nyumba. Watu walijaa mpaka chini ya mteremko. Bi Mwanamisi naye alikuja kuona mayai yake. Mzee Danieli akaniita. Nikafunua boksi, vifaranga vikalia, akina mama wakapiga vigelegele. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kukaa chini.

Nikasema, "Nimeahidi arobaini, ni thelathini na vitatu."

Mzee Danieli akasema, "Mwalimu, saba si neno, kaa."

"Sijafika bado kwenye neno lenyewe," nikasema.

Nikawaambia mayai ya kwanza yalikuwa na mbegu, niliyapika mimi. Bi Mwanamisi akauliza kutoka nyuma, "Na jogoo wangu?"

"Hakuwa na kosa, Bi Mwanamisi."

"Mlimla!"

"Tulikula paja moja. Yaliyobaki ulikula wewe."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa kwenye majani. Alicheka na yeye, lakini leo asubuhi amepita hapa kuchagua jogoo nitakayemlipa badala ya wake, na amechagua yule wa Yohane anayempenda.

Walipotulia, nikasema la pili. Nilisema kipaza sauti cha Pasaka ile kilikufa kwa waya nilioufunga mimi, na kwamba Dorkasi alifanya kazi safi. Sasa mpwa wangu, unajua kwamba tangu siku ile hatuna kipaza sauti. Walionisikia ni mistari mitatu ya mbele. Huko chini wakaanza, "Anasemaje? Mwalimu, rudia!" Nikarudia. "Hatusikii!" Nikapanda juu ya gogo la mnadani, nikaita kwa nguvu zangu zote: "Si Dorkasi! Ni mimi! Ni mimi Sefania!" Mara tatu, mpaka na wale wa ng'ambo ya bonde waliokuwa wanavuna maharage wakainua vichwa. Nilikusingizia kwa sauti ya kawaida, na kukusafisha kumenimaliza sauti. Nimestahili.

Hakuna aliyecheka safari hiyo. Mama Yohane alilia. Mzee Danieli akasema wazee nao walikudhania vibaya, hawakukuuliza. Wakataka nikuite uje ukitengeneze kipaza sauti. Nimekataa. Nimewaambia simwiti mtu niliyemfukuza, waombe wenyewe. Barua yao imo humu ndani, sijaisoma.

Mjomba wako,
Sefania


Muheza, 7 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie Mama Yohane asitengeneze kabichi.

Barua ya wazee nimeipata. Wameandika vizuri, na wote wametia sahihi.

Nakuja Ijumaa ya tarehe kumi na sita kwa gari la Mombo. Kipaza sauti msikiguse. Mwambie Mzee Danieli akitoe stoo, akiweke mezani pale nje penye mnada, Jumamosi mchana, na atangaze kama alivyokutangaza wewe.

Nataka waone ninavyofanya kazi.

Dorkasi